Sifa za Mafundi wa Thian Hock Keng

Katika barabara ya Telok Ayer mjini Singapore, ambako zamani mawimbi yalikuwa yakivunjika mbele ya milango, kabla bahari haijafukiwa na kusukumwa mbali, lipo hekalu la Thian Hock Keng, lililojengwa kati ya mwaka 1839 na 1842 na Wachina wa Hokkien, wahisani wakiongozwa na tajiri Tan Tock Seng, ili kumshukuru Mazu, mlinzi wa mabaharia, kwa kuwafikisha salama. Kila aliyepata kusafiri baharini huielewa shukrani hiyo, awe wa dini yoyote. Hata Zheng He, amiri ambaye merikebu zake zilifika Mogadishu, alimtukuza Mazu katika jiwe lililoandikwa mwaka 1431.

Lakini wanaostahili sifa kubwa ni mafundi. Boriti wamezishikanisha kwa viungo vya kuchongwa, pasipo msumari hata mmoja. Nguzo za mawe zimezungukwa na majoka yaliyotolewa katika jiwe lenyewe, magamba yake yakihesabika. Na juu ya paa, vipande vya kauri za rangi vimepangwa hata vikawa maua na wanyama. Mbao na mawe vilitoka China, ilhali vyuma vya uzio vilisubiwa Glasgow, na mchanganyiko huo, kwa maoni yangu, ni fahari ya kila mji wa bandari.

Mwaka 1973 hekalu hili lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na mgeni yeyote huruhusiwa kuingia bila malipo.