Kiungo, Mshipa na Uti: Uhakiki wa Istilahi za Tibamaungo

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno yanayotumika katika taaluma ya kutibu mifupa, misuli na maungo kwa mazoezi na kwa mikono. Taaluma hiyo si ngeni tena nchini. Kwa miaka mingi wataalamu wake wamefundishwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, na utafiti wake unazidi kuendeshwa kwa Kiswahili, kwa kuwa wanaoulizwa maswali ni wananchi. Hata hivyo, maneno yake bado ni ya kubahatisha. Baraza liliundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, na tangu mwaka 1974 limetoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Hapana budi basi uwanja huu nao utazamwe kwa makini.

Mifano mingi ya makala haya tuliikusanya wilayani Ngara, tulipokaa siku chache katika chumba cha tiba cha hospitali moja. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Nyumbani watu wake wengi husema Kihangaza au Kishubi. Kiswahili hukutana nacho shuleni, ofisini na hospitalini. Kwa hiyo istilahi inayofika Ngara hufika peke yake, bila mazoea ya mtu wa pwani ya kuitegemeza. Ikiwa na kasoro, kasoro hiyo huonekana hapo mapema.

Tuanze na jina la taaluma yenyewe. Wengine husema fiziotherapia, wengine tiba ya viungo, wengine tibamaungo, na wagonjwa wengi husema mazoezi tu. Neno kiungo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Ni mahali mifupa miwili inapokutana. Ni mkono au mguu mzima. Ni kitu cha kukolezea mchuzi. Na mazoezi ya viungo ni somo la shuleni. Tena kuna viungo bandia, ambavyo mafundi wake wana chuo chao hapo hapo KCMC tangu mwaka 1981. Mgonjwa anayeambiwa aende kwenye tiba ya viungo ana haki ya kudhani kwamba anakwenda kupimwa mguu wa mbao.

Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Wanyarwanda huiita taaluma hii ubugororangingo, yaani kazi ya kunyoosha viungo. Hilo ni neno lililoundwa kwa mali ya lugha yenyewe, na Mhangaza hulielewa upesi. Lakini lina ila moja: linataja kunyoosha peke yake, ilhali wagonjwa wengi hawana kilichopinda. Sisi tunapendelea tibamaungo. Neno maungo hutaja mwili kwa ujumla wake, na halimwahidi mtu kunyooshwa.

Pili, tuangalie neno mshipa. Katika usemi wa kila siku mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni ukano unaofunga msuli kwenye mfupa, na pia ni ugonjwa wa kuvimba korodani. Mama mmoja mtu mzima alimwambia mtabibu, "Mwanangu, mishipa ya kiuno inanivuta mpaka unyayoni." Mtabibu aliandika kwamba mgonjwa ana maumivu ya misuli. Huenda mama alikuwa anaeleza neva iliyobanwa, na matibabu ya mambo hayo mawili hayafanani. Wala kosa halikuwa la mama, maana hata katika Kinyarwanda na Kirundi, lugha zilizo jirani na Kihangaza, neno umutsi hukusanya mambo hayo karibu yote. Hapa istilahi zipo tayari: neva, msuli, kano, gegedu. Zinalala vitabuni. Tunashauri kwamba mtabibu asimkataze mgonjwa kusema mshipa, bali amwulize palipo na mshipa huo na jinsi unavyouma, kisha yeye mwenyewe aandike neno mahsusi.

Tatu ni uti wa mgongo. Neno hili hutumika kwa safu ya mifupa na pia kwa kamba ya neva iliyo ndani yake. Zaidi ya hayo, homa ya uti wa mgongo ni maradhi ya kuua, na kila mtu anayajua. Kumwambia mkulima aliyeumia kwa kubeba mkungu wa ndizi kwamba ana tatizo la uti wa mgongo ni kumtia hofu isiyo na sababu. Safu ya pingili na ugwemgongo yatosha kutenganisha mambo haya mawili.

Sasa tufikie lililotusukuma kuandika. Katika vyumba vya tiba vya mahali pengi nchini imeenea kauli kwamba pingili zimesagika, au kwamba pingili imetoka na itarudishwa mahali pake kwa mikono. Kauli hizi ni Kiswahili fasaha, lakini si elimu sahihi. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya tafiti 33 zilizohusu watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa mabadiliko hayo huja na umri, kama mvi. Lakini neno kusagika linatoka kwenye jiwe na mashine ya unga: kilichosagwa hakirudi kuwa punje. Mkulima akilisikia hulala kitandani na kuliweka jembe kando, ilhali kutembea na kufanya kazi kwa kadiri ndiko kungemfaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu na mazoezi, na unakubali kukandwa na tiba ya mikono kwa pingili. Haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa kwa mashine.

Ndivyo ilivyo pia kwa neno kurudisha. Bega likichomoka kweli hurudishwa, na neno hilo ni halali. Lakini utafiti wa tiba ya mikono hauungi mkono dhana kwamba kidole cha mtabibu husukuma pingili iliyohama. Nafuu inayopatikana huelezwa zaidi kwa jinsi neva na ubongo vinavyopokea mguso huo na kupunguza maumivu. Mwenye kuambiwa kwamba pingili yake imerudishwa atangoja itoke tena, na kila akiinama atarejea kwa mtabibu. Istilahi hiyo imemfanya mateka. Tunapendekeza kusogeza kiungo, kwa maana ya kukitembeza kiungo polepole katika mwendo wake.

Kuhusu vitenzi vingine vya mkono, lugha yetu ni tajiri na haifai kuombaomba. Kuna kukanda, kuchua, kusinga na kunyoosha. Kusinga kumeegemea manukato na maharusi. Kuchua siku hizi kumepata maana ya pembeni yenye kutia haya. Kukanda ndiko kunakofaa kuwa istilahi ya jumla, maadamu ifafanuliwe kama ni kwa mkono au kwa maji ya moto, kwani mama aliyejifungua hujua hilo la pili tu.

Nne ni hojaji za utafiti. Mwaka 1983 Martin Roland na Richard Morris walichapisha hojaji ya maswali 24 kuhusu maumivu ya mgongo, nayo imetafsiriwa katika lugha nyingi. Baadhi ya maswali yake yanahusu kupanda ngazi. Katika vijiji vya Ngara nyumba zenye ngazi ni chache, ila vilima ni vingi. Mfasiri wa mezani ataandika ngazi, na mama atajibu kwamba hana shida, kwa kuwa hajapanda ngazi mwaka mzima. Jibu hilo litahesabiwa kuwa ni afya. Wala haitoshi kuandika kilima badala ya ngazi, kwani ugumu wake si ule ule. Yapasa tafsiri irudishwe katika lugha ya awali na mfasiri mwingine, ijadiliwe na kamati, kisha ijaribiwe kwa wagonjwa wenyewe.

Vivyo hivyo kwa maneno ya maumivu. Ronald Melzack alikusanya maneno 78 katika hojaji yake ya mwaka 1975. Nasi tunayo yetu: kuvuta, kuchoma, kupwita, kuwanga, kukeketa, kuchonyota, kufa ganzi. Aghalabu karatasi zetu huandika maumivu tu, na hapo ushahidi hupotea.

Yuko atakayesema kwamba kazi ya istilahi ni kutaja kitu, si kumbembeleza mgonjwa. Tunakubaliana naye nusu. Kifua kikuu kikila pingili, mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba mfupa umeharibika, maana hapo kuficha ni kuua. Lakini kusagika na kurudishwa hatuyapingi kwa kuwa yanatisha. Tunayapinga kwa kuwa hayataji kilichopo. Kipimo cha istilahi ni ukweli kwanza; katika jambo hili ukweli na huruma vimekutana njia moja.

Kwa muhtasari tunatoa mapendekezo haya: tibamaungo liwe jina la taaluma, neva, msuli, kano na gegedu yatenganishwe, safu ya pingili na ugwemgongo yashike nafasi ya uti, kusogeza kiungo kuchukue nafasi ya kurudisha, isipokuwa kiungo kimechomoka kweli, na kusagika kuachiwe mashine. Tunawaomba watabibu wa maungo, hasa walioko wilayani, watuletee maneno wanayoyasikia kwa wagonjwa wao kabla mapendekezo haya hayajafikishwa mbele ya kamati ya istilahi. Yule mama wa Ngara alikuwa na habari kamili za mwili wake. Sisi ndio tuliokosa neno la kuziandikia.