Jiko Lenye Kiuno

Kikima, juu kwenye milima ya Mbooni, muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, hauivi kwa haraka. Sufuria hukaa motoni saa kadhaa, na hapo ndipo jiko linapojulikana kama linafaa. Litazame jiko la makaa lenye kiuno: bati limebanwa katikati, likapanuka juu na chini. Bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu ya kupitisha majivu, limekaa nusu ya juu peke yake.

Kiuno hicho si urembo. Mapema miaka ya 1980, Wakenya, Maxwell Kinyanjui akiwa miongoni mwao, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalijaribu Nairobi. Udongo uliojaa jiko zima ulikuwa mzito na ulipasuka. Walipolikata jiko kiuno, bakuli likapata pa kukalia, uzito ukapungua, na mafundi wa jua kali wa mtaa wa Shauri Moyo wakaweza kulitengeneza kwa bati chakavu, nyundo na patasi. Mpishi akaokoa thuluthi ya makaa, hata nusu. Kadiri mafundi walivyoigana, bei ikateremka.

Kwangu mimi, nguvu ya jiko hili iko kwenye bakuli kuuzwa peke yake. Likipasuka, mama anabeba bati lake kwa fundi, anarudi na bakuli jipya.

Sasa twende Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi zilizoanza kujengwa 1991, ambako watu walipikia kuni. Wanawake walikuwa wakivamiwa na kubakwa porini walikokwenda kutafuta kuni. Mwaka 1998, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, lilianza kuwagawia kuni, kazi ikiendeshwa na shirika la GTZ la Ujerumani. Kuni hizo hazikutosha, na kila ukuni uliookolewa jikoni ulipunguza safari ya porini. Majiko ya kuokoa kuni yalitolewa kwa waliofanya kazi kama kupanda na kutunza miti, na naona huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini mgao wenyewe wa chakula ulikuwa nafaka na maharage makavu, vyakula vinavyokula moto sawa na muthokoi. Kuloweka maharage usiku kucha na kufunika sufuria ni sehemu ya jiko, kama vile udongo na bati.

Ndugu mfadhili unayenunua majiko ya wakimbizi, uliza kwanza: bakuli likipasuka, fundi yuko wapi? Kama kambini hayupo, mfundishe mmoja kabla lori la majiko halijafika.