Sifa ya Kingo

Ukitaka kujua kabati la jikoni litaishi miaka mingapi, usilitazame usoni. Usoni makabati yote ya bei nafuu hung'aa, hasa yakiwa bado na harufu ya dukani. Inama ufungue lile lililo chini ya sinki, kisha upitishe kidole pale bomba la maji machafu linapopenya ubao wa nyuma. Ukikuta ukingo wa tundu uko mtupu, na unga wa kahawia unabaki kidoleni, hesabu masika mawili matatu tu. Ukikuta umepakwa kitu, iwe vanishi, gundi au hata mabaki ya rangi ya mafuta, basi hapo amepita fundi.

Sifa za useremala katika pwani yetu zimekwenda kwa wengine. Anasifiwa mchonga milango wa Lamu na Unguja, anasifiwa aliyeunda kabati la mninga ambalo bibi alilirithi na mjukuu atalirithi. Anayekata MDF na chipubodi kwa ajili ya jiko la mwalimu aliyejenga vyumba viwili kwa mkopo hatajwi na mtu. Huonekana fundi wa kuungaunga. Mimi naona kinyume. Mninga na mvule ni mbao zenye huruma. Fundi akilegeza kiungo, au akisahau kupaka vanishi upande wa ndani, mti wenyewe utamsitiri kwa miaka na miaka. Chipubodi haimsitiri mtu. Kila alichosahau hujitangaza, na mara nyingi mbele ya wageni. Kwa hiyo mbao dhaifu ndiyo inayodai fundi hodari zaidi, ingawa bei ya soko inasema vingine.

Sababu imo ndani ya ubao wenyewe. Chipubodi ni vipande vya mti vilivyochanganywa na gundi, vikashindiliwa kwenye joto kali. Mjerumani Max Himmelheber, mmoja wa waliobuni ubao huu katika miaka ya 1930, alikereka kuona sehemu kubwa ya mti ikiishia kuwa takataka ya kiwandani. MDF ilikuja baadaye, miaka ya 1960 huko Marekani. Kwa MDF mti husagwa hadi kuwa nyuzi laini, ndiyo maana hukatika vizuri na kupokea rangi vizuri. Gundi inayotumika zaidi katika mbao hizi ni ya urea, na gundi hiyo haipatani na unyevu. Usoni ubao umevikwa melamini, na maji yakimwagika hapo unayafuta kwa kitambaa, yamekwisha. Lakini msumeno ukishapita, ndani kumefunguka. Maji yakikuta ukingo mtupu hunywewa, vipande vinavimba, gundi inaachia, na ubao wa milimita 18 unanenepa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mbao ya mti ikilowa huvimba, ikikauka hurudi karibu na pale ilipokuwa. Chipubodi hairudi. Hata ukiianika juani wiki nzima, itakauka ikiwa na uvimbe wake.

Wapo wanaodhani kwamba jiko la makabati ya kupangwa kwa vipimo ni anasa ya matajiri iliyoshushwa bei. Historia inasema lilianza kwa watu wa kawaida. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Vienna, alichora jiko la nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt, mradi uliosimamiwa na Ernst May. Chumba kilikuwa na upana wa takribani mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na mfano wake ulikuwa jiko la behewa la chakula kwenye treni. Nyumba zipatazo 10,000 ziliwekewa jiko la namna hiyo. Schütte-Lihotzky mwenyewe alikiri baadaye kwamba hadi anachora jiko lile hakuwa amewahi kupika wala kuendesha nyumba. Lakini tazama alivyofikiri: droo za unga aliziagiza ziwe za mwaloni, kwa sababu mti huo una tanini inayowafukuza wadudu wa unga. Meza ya kukatia aliitaka ya mbao ya biki, inayostahimili kisu na isiyoshika madoa upesi. Kila sehemu ya jiko ilipewa mbao ya kukabiliana na adui wake. Huo ndio ufundi ninaousema, na hauhitaji jiko zima liwe la mwaloni.

May naye ana habari yake upande wetu. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika akawa mkulima kaskazini, jirani na Arusha, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Upanuzi wa mji wa Kampala una mkono wake, jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi ni lake, na Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilikuwa yake pia. Jiko la Frankfurt halikusafiri naye. Lilitufikia kwa njia ndefu, kupitia viwanda vya Ulaya na baadaye makontena ya China, hadi likatua Keko ya Dar es Salaam na Gikomba ya Nairobi, mikononi mwa vijana wenye msumeno wa meza na jenereta.

Kiwandani kingo huzibwa na mashine: ubao unaingia upande mmoja, unatokea upande wa pili umeshavishwa utepe na kusuguliwa. Kwenye karakana ndogo kazi hiyo hufanywa kwa pasi. Ni pasi hii hii ya nguo, mara nyingi iliyokwisha kustaafu nyumbani. Fundi anakata utepe wenye gundi mgongoni, anaulaza juu ya ukingo ukizidi kidogo pande zote mbili, anapitisha pasi polepole hadi gundi iyeyuke, halafu kabla haijapoa anafuatisha kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa, akikandamiza kwa uzito wa bega. Pasi ikikaa mno utepe unajikunja na kuungua. Ikipita haraka gundi haishiki, na mwezi wa tatu utepe utaanza kuchungulia pembeni. Ukipoa anapunguza masazo kwa patasi iliyolazwa karibu sambamba na ubao, na kumalizia kwa msasa mlaini. Ubao mmoja mdogo, kingo nne, na hapo bado hajatoboa hata tundu moja.

Wengi huvisha ukingo wa mbele tu, unaoonekana. Fundi ninayemwandikia insha hii huvisha na ule wa chini ya mlango, ambako matone huteremka na kujificha. Huvisha pia chini ya kabati la ukutani lililo juu ya birika, kwa sababu mvuke hupanda kila asubuhi na kulilamba. Tundu la sinki, ambalo haliwezi kuvishwa utepe, hulipaka vanishi mara mbili tatu kabla ya kuweka silikoni. Mteja hayalipii haya. Mteja huuliza rangi, huuliza vishikio, akishakubaliana bei anauliza lini. Utepe usioonekana unatoka katika faida ya fundi mwenyewe, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Kisha kuna sakafu. Katika nchi ambako sakafu hufagiliwa kwa mashine, kabati likikaa chini moja kwa moja linaweza kuponea. Huku kwetu nyumba inadekiwa, tena kwa ndoo na maji ya kutosha, na anayedeki hawezi kulikwepa kabati kila siku. Kasha linapaswa kusimama juu ya miguu ya plastiki ya sentimita 10 hadi 15, inayozungushwa kupanda na kushuka ili kusawazisha, na mbele kuwe na ubao wa kuficha unaobanduka. Wengine hujenga tuta la tofali lililopigwa vigae, nalo ni zuri vilevile. Kasha lililokalishwa sakafuni huanza kuoza chini huku juu bado linapigiwa picha.

Mtungi wa gesi ni somo lingine, na vitabu vya Ulaya havilifundishi sana. Mtungi wenye kilo 15 za gesi, ukijumlisha na chuma chake, huburutwa kuingia na kutoka kila unapobadilishwa, na sakafu ya chipubodi haivumilii kuburutwa. Fundi mwerevu huuacha mtungi ukanyage sakafu ya nyumba: kasha lake halina ubao wa chini. Tena hutoboa matundu ya hewa karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

Bawaba nazipitia kwa haraka. Zile za kujificha, zenye kikombe cha milimita 35, ni baraka kwa sababu mlango ukipinda unaunyoosha kwa bisibisi, hakuna kung'oa kitu. Kwa wanaoishi karibu na bahari, chuma cha kawaida kitaliwa na chumvi. Lipia isiyoshika kutu. Na skrubu ikichomoka na kuacha tundu pana, usiruhusu mtu aweke skrubu nene zaidi, kwani itang'oa kipande kikubwa zaidi. Tundu hutanuliwa, kikapigwa kigingi cha mbao ngumu chenye gundi, kikaachwa usiku kucha, kisha kikatobolewa upya. Hapo ndipo mninga hatimaye hupata kazi ndani ya chipubodi, kwa kipande kisichozidi kidole.

IKEA, kampuni iliyozaliwa Sweden, hutoa dhamana ya miaka 25 katika masoko mengi kwa makabati yake ya METOD, ambayo makasha yake ni ya chipubodi. Dhamana ina masharti yake, bila shaka. Lakini namba hiyo inatosha kunyamazisha ile kauli kwamba mbao za kushindiliwa ni za miaka miwili. Zinakuwa za miaka miwili zikikatwa asubuhi, zikafungwa mchana na kulipwa jioni.

Uzuri mwingine wa makasha haya ni kwamba yanaachana. Kabati lililojengewa ukutani likioza pembe moja, limeoza lote. Haya yamefungwa pamoja kwa skrubu chache. La chini ya sinki ndilo hufa mapema, fundi akifanya vyema vipi, kwa sababu ipo siku bomba litavuja wakati wenye nyumba wamesafiri. Basi linafunguliwa lenyewe, linatengenezwa jingine, safari hii pengine la plaiwudi isiyopitisha maji, na milango ileile inarudishwa. Jirani zake hawajui kilichotokea.

Na kwa mpangaji hilo ni jambo kubwa. Kodi ikipanda, jiko linapakiwa kwenye kirikuu pamoja na magodoro. Nyumba mpya itakuwa na ukuta usionyooka, maana kuta zetu nyingi hazijanyooka, na fundi atakuja na pima maji, atazungusha miguu, ataongeza ubao mwembamba pembeni kuziba mwanya. Kasha likikosa nafasi kabisa halitupwi: linakwenda barazani, linageuka kabati la viatu.