Namna ya Kuupima Muhogo wa Nazi Usiku wa Masika

Katika miezi ya masika, baina ya Machi na Mei, upepo unapogeuka kuwa kusi na bahari ya Unguja ikachafuka hata ngarawa zikapandishwa pwani, mwenye nyumba hana budi kuiacha tamaa ya samaki na kuyatazama yatokayo shambani. Na katika hayo yote sijui chakula kinachoudhihirisha ustadi wa mpishi kuliko muhogo wa nazi, kwa sababu hamna ndani yake nyama wala wingi wa bizari wa kusitiri kasoro.

Hukumu huanzia sokoni. Muhogo hauchelewi kuharibika: siku 2 au 3 tangu kung'olewa, huingia michirizi myeusi ndani ilhali ganda halionyeshi kitu. Basi mwombe muuzaji aukate ncha, uitazame nyama yake, ambayo yapasa iwe nyeupe pepepe na ivunjike kwa mlio. Onja kipande kidogo, ukiteme. Ukiwa mchungu uache, kwani uchungu ni dalili ya sumu. Wakati wa mvua zidisha hadhari, maana mti unaochipua majani mapya huula wanga wa mizizi yake, na muhogo wa namna hiyo, hata ukichemshwa mpaka usiku wa manane, hubaki na umajimaji, wala hauwi na unga.

Nazi nayo itikise sikioni. Iliyokomaa, maji yake hucheza. Isiyolia aghalabu ni koroma, au imepasuka maji yakatoka. Yatazame macho yake yasiwe na unyevu wala ukungu, na ukiivunja yaonje maji kabla hujakaa juu ya mbuzi. Kisha kuna waliokuna kwa pupa mpaka wakafikia gamba la ndani, na tui lao likawa na rangi ya vumbi: hilo ni kosa la haraka, nami silisamehe.

Lakini daraja ya mpishi hujulikana katika tui. Kwa kilo 1 ya muhogo nazi 2 zatosha. Kamua kwanza kasimile kwa maji machache ya uvuguvugu, uiweke kando. Chicha ile ile uikamue tena kwa maji zaidi, na tui hilo jepesi ndilo la kuchemshia muhogo, pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa. Muhogo uwe umeondolewa kamba ya katikati. Unapokubali kugawanyika kwa ncha ya kijiko, punguza moto, na usiku wa tufani jambo hili si jepesi, kwa kuwa kuni zilizolowa hufuka moshi kisha zikawaka ghafla. Ndiyo maana mwenye busara huweka vifuu vikavu ndani ya nyumba tangu mawingu yalipoanza kujikusanya. Hapo ndipo kasimile hutiwa. Mtazame mkono mpishi hodari: huchota kwa upawa, akainua, akamimina tena chunguni, juu na chini pasi na kupumzika, hata povu la kwanza linapoinuka ukingoni; papo hapo huepua. Akigeuka kuzungumza na mtu, tui limekatika.

Mchicha unaoandaliwa kando ya muhogo huu hauna mambo mengi, madhali shina lake likipindwa huvunjika na mchanga umeoshwa.

Kwa hiyo, ewe msomaji, ukiandaliwa muhogo wa nazi mvua ikipiga bati, usiharakie kusifu harufu. Tazama kwanza mchuzi sahanini: uliofaulu ni mweupe, mzito, umeushika muhogo pande zote. Ukiona mafuta yamejitenga juu na chembe nyeupe zimezama chini, tui hilo limekatika, na hakuna ndimu wala pilipili iwezayo kulirudisha.