Kiti cha Pweza Begani

Sonara anayeiga viumbe vya bahari hukabiliwa na mtihani mmoja: dhahabu ni kavu, na bahari haitulii. Vito vingi vya nanga, merikebu na samaki vimeshindwa mtihani huo; umbo hutambulika, uhai haupo. Bizimu la kiti cha pweza, pambo lenye pini libandikwalo nguoni, lililobuniwa na Juliette Moutard mwaka 1937 katika nyumba ya usonara ya Boivin mjini Paris, ni miongoni mwa machache yaliyofaulu.

Ni kazi ya dhahabu yenye mikono mitano, pana kiasi cha kiganja. Yakuti nyekundu 71, zilizosuguliwa zikawa na migongo ya mviringo bila kuchongwa pembe, zimefuata uti wa kila mkono. Baina yake zimetandazwa amethisto ndogo 241. Almasi, zilizopendwa mno na matajiri wa enzi hizo, hazimo. Uamuzi huo una hekima. Almasi humeta kama uso wa maji juani. Yakuti laini na zambarau ya amethisto hung'aa kwa ndani, mithili ya ngozi iliyotoka majini sasa hivi.

Hata hivyo, rangi peke yake isingetosha. Siri ya fani yake imo viungoni. Mikono imeungwa kwa namna ya kupindika, hivyo bizimu likibandikwa begani hujilaza kufuata mwili. Wapwani wanaijua tofauti hiyo: kiti cha pweza aliye hai huukumbatia mwamba, aliyekaushwa auziwe wageni hubaki nyota ngumu, umbo lisilo na mwenyewe. Moutard alimchagua aliye hai.

Wasifuo kazi hii hupenda kuanza na wavaaji wake, hasa Claudette Colbert, mwigizaji wa sinema za Marekani aliyezaliwa Ufaransa. Hapo haki hupotea. Nyumba ya Boivin iliongozwa na Jeanne Boivin tangu mumewe, René, alipofariki mwaka 1917, na kwa kawaida vito vyake havikutiwa saini, kwa itikadi kwamba mtindo wenyewe ni saini. Itikadi hiyo ina fahari, lakini aliyeilipia ni mbunifu: kazi ya mwanamke ikaenda ulimwenguni kwa jina la mwanamume aliyekwisha kufa miaka 20 kabla.

Mwaka 2019 Makumbusho ya Sanaa ya Boston yalipata mojawapo ya mabizimu hayo, na huitaja kuwa kazi ya Moutard. Deni la jina limeanza kulipwa. Limebaki la pili, ambalo makumbusho hayana uwezo nalo: kabati la kioo halina bega. Pambo lililoumbwa lijikunje kwa mwenye pumzi sasa limelala, na mtazamaji hana budi kuliazima mwili wake mwenyewe, japo kwa fikra, ndipo alione likiogelea.