Kihisi au Kitambuzi? Uhakiki wa Istilahi za Vyombo vya Kupimia katika Ndege

Istilahi za ufundi huhakikiwa mara nyingi kwa mizani ya sarufi peke yake: je, neno limeundwa kwa kanuni, na je, latamkika? Mizani hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Neno la ufundi lapasa kuulizwa pia kama laeleza kwa haki kazi ya kitu linachokitaja. Kwa swali hilo yachunguzwa hapa maneno manne yanayoshindana kukitaja kile kiungo cha chombo ambacho hukutana na hewa, mafuta au mwendo wa mtambo ndani ya ndege, kikapeleka habari zake kwa rubani. Maneno yenyewe ni kipimo, sensa, kitambuzi na kihisi.

Kiganjo, katika Nyeri, ni mahali pafaapo kuyajaribia maneno hayo. Katika kiwanda cha maziwa cha KCC kilichoko hapo, joto na wingi wa maziwa havina budi kupimwa. Katika chuo cha polisi, vijana wa kila pembe ya Kenya hukutanishwa na Kiswahili. Angani, kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, hupita ndege ziendazo Nanyuki. Msemaji wa hapo ahitaji neno moja litakalofaa bombani na angani, maana kazi haitofautiani: kitu kimiminika hupita, kiungo kidogo huguswa, na mtu aliye mbali hupata habari.

Kipimo ndilo neno kongwe miongoni mwa haya. Udhaifu wake ni upana wake, kwani hutaja chombo, kiwango, na hata jibu lenyewe. Mathalan, chombo kimwonyeshacho rubani urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari hakiupimi urefu huo hata kidogo. Ndani yake mna kikopo kilichozibwa ambacho huvimba kadiri kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, inavyopungua. Kilichoguswa ni hewa, kilichoandikwa usoni ni mita au futi. Hali ya anga ikibadilika na rubani asikirekebishe chombo, mshale utasema urefu usio wa kweli ilhali kikopo hakina kosa. Katika nchi yenye kilele cha mita 5,199, tofauti hiyo si ya wanasarufi tu. Kuyaita yote mawili kipimo ni kuificha.

Sensa ni neno la gereji. Fundi alitumiaye hana kosa. Amelipokea pamoja na kifaa. Lakini kiti hicho kina mwenyewe. Mwaka 2019 Kenya ilifanya sensa ya watu, na Tanzania ikafanya yake mwaka 2022. Sentensi kama “sensa imetoa takwimu zisizo sahihi” itampeleka msomaji kwa wahesabu watu, wala haitamfikisha kwenye injini. Lugha huvumilia maneno yenye maana mbili pale muktadha unapozitenga. Hapa zote mbili huzungumzia takwimu.

Yabaki kitambuzi na kihisi, na hapa ndipo penye uzito wa shauri. Kitambuzi limeundwa vema na latamkika bila taabu. Kasoro yake imo katika kitenzi. Kutambua ni kujua kitu kuwa ndicho. Aliyetambua amekwisha pata ukweli. Kuhisi ni jambo jingine. Mtu asemaye “nahisi mvua itanyesha” amekiri kwamba aweza kukosea. Hali kadhalika Mswahili husikia baridi kama asikiavyo sauti, na Mgikuyu wa Nyeri hutumia kitenzi kimoja, kũigua, kwa mambo hayo mawili. Asikiaye ameguswa na kitu; bado hajathibitisha.

Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya shirika la Ethiopia aina ya Boeing 737 MAX 8, iliyokuwa ikienda Nairobi, ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita hivi baada ya kuruka. Watu 157 walikufa, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Puani mwa ndege ya aina hiyo mna vipezi viwili, kimoja kila upande, vinavyogeuzwa na mkondo wa hewa ili kuonyesha pembe ambayo mabawa hukutana nao. Taarifa ya awali ya uchunguzi ilionyesha kuwa cha kushoto kilifikia nyuzi 74.5, ilhali cha kulia hakikuzidi 15.3. Programu ya ndege iliusadiki upande mmoja, ikaisukuma pua chini mara kwa mara. Ajali ya namna hiyo ilikuwa imekwisha tokea Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018, wakafa watu 189.

Ni vigumu kusema kwamba kitambuzi cha kushoto “kilitambua” nyuzi 74.5, sentensi yajipinga yenyewe, kwa kuwa hapakuwa na nyuzi hizo za kutambuliwa. Kusema kwamba kihisi kilihisi vibaya, na kwamba hisi yake haikulinganishwa na ya mwenzake, ni kuieleza ajali ilivyokuwa.

Yaweza kupingwa kwamba kuhisi ni kwa wenye uhai. Hoja hiyo haina nguvu katika lugha ambayo saa hutembea na kusimama bila ya kuwa na miguu.

Yafaa basi kazi zigawanywe: kihisi kiwe kiungo kinachoguswa, kipimo kiwe kiasi kinachopatikana, na kionyeshi kiwe uso unaosomwa. Mwanafunzi wa ufundi atakayefunzwa kwa maneno hayo atauliza, kila mshale unapopanda, ni nini hasa kilichoguswa, na kama kuna kihisi cha pili kinachokubali. Swali hilo neno kitambuzi humzuia kuliuliza.