Ampu Njema Huanzia kwenye Transfoma

Katika wadi ya Airport mjini Mombasa, kutoka Magongo hadi nyumba zinazopakana na ua wa Uwanja wa Ndege wa Moi, ampu huuzwa kwa namba moja: wati. Mnunuzi huuliza ni wati ngapi, muuzaji hutaja elfu mbili au tatu, na bei hupatana papo hapo. Mimi nashikilia kwamba swali hilo halifai kutangulia. Ampu iwe ya valvu au ya transista, iwe imeundwa na fundi wa mtaani au imeshushwa Kilindini ndani ya kontena, ubora wake hujulikana kwa namna inavyopokea stima na namna inavyotoa joto. Saketi ya sauti yenyewe, ambayo wapenzi wa muziki hubishania mpaka alfajiri, huja nyuma ya hayo mawili.

Wengi hudhani kwamba ampu huichukua sauti ndogo ikaikuza. Sivyo inavyofanya kazi. Mawimbi madogo yanayotoka kwenye simu au maikrofoni huishia kwenye transista ya kwanza, na kazi yao ni kuamuru tu. Kinachofika kwenye spika ni umeme wa ukutani, volti 240 zinazokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, ulioshushwa na transfoma, ukanyooshwa na dayodi, ukawekwa akiba katika kapasita, kisha ukaachiliwa kwa kiasi kinachofuata ile amri. Mtu anayesikiliza udi wa mwanamuziki Zein l'Abdin nyumbani Port Reitz anasikia stima ya Kenya Power iliyofinyangwa kwa umbo la udi. Ikiwa stima hiyo imeshikwa vibaya mlangoni, hakuna ustadi wa saketi utakaoirekebisha mbele.

Kapasita hizo kubwa hufanya kazi ya birika la msikiti: mfereji ukisita, watu waendelee kutawadha. Hesabu yake ni rahisi. Stima iliyonyooshwa hujaza kapasita inapokwenda na inaporudi, yaani mara 100 kwa sekunde, na kati ya kujazwa na kujazwa spika hulishwa na akiba pekee. Ngoma ikigonga na kuvuta ampia 3, kapasita ya mikrofaradi 2,200 inaweza kupoteza zaidi ya volti 10 kabla haijajazwa tena, ilhali ya mikrofaradi 10,000 hupoteza 3 au pungufu. Katika ampu inayotumia volti 35 kila upande, ya kwanza imepoteza karibu theluthi ya volti zake pale pale muziki unapozihitaji. Sikio husikia besi iliyolegea na sauti ya mwimbaji inayokwaruza kila ngoma inapolia, na mwenye ampu hulaumu spika. Ongeza hapo kwamba jioni, majirani wanapowasha kila kitu, volti za ukutani zenyewe hushuka. Transfoma iliyobanwa kwa kipimo cha chini kabisa, waya wake mwembamba na chuma chake haba, haina pa kujifichia saa hiyo. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu huinua ampu kwa mikono kabla ya kuiwasha. Katika ampu za transfoma ya kawaida, uzito wa upande wa transfoma ni ushahidi, mradi kifuniko kifunguliwe ihakikishwe kwamba uzito huo kweli ni wa chuma na shaba.

Namba zilizochapwa kwenye kasha zinaweza kuhukumiwa papo hapo kwa kusoma fyuzi. Fyuzi ya ampia 3 kwenye volti 240 hairuhusu zaidi ya wati 720 kuingia mfululizo. Ampu ya daraja la AB, aina iliyoenea kuliko zote, haiwezi hata kwa nadharia kugeuza zaidi ya asilimia 78.5 ya umeme huo kuwa sauti, na kwa vitendo hupungukiwa zaidi. Kwa hiyo wati elfu tatu zilizoandikwa mbele hazipo. Herufi PMPO zinazofuata namba hizo hazina kipimo kilichokubaliwa na yeyote. Dai wati za RMS, yaani zile ambazo ampu inaweza kuzitoa mfululizo. Asiyeamini karatasi apime mwenyewe kwa multimita: chukua volti zilizonyooshwa za upande mmoja, zizidishe kwa zenyewe, ugawanye kwa mara mbili ya omu za spika. Volti 35 kwenye spika ya omu 8 hutoa 76, na ukiondoa kinachopotea njiani unabaki na 60 hivi za haki. Kwenye matatu hesabu ni kali zaidi. Betri ya volti 12 hufika 14.4 injini ikizunguka, na ampu isiyo na kifaa cha kupandisha volti hizo haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 26 safi, hata saketi zake mbili zikisukumana kwa zamu. Zaidi ya hapo ni kukwaruza, na mkwaruzo huo ndio unaochoma spika ndogo za sauti nyembamba.

Kuna watakaosema kwamba hapa si mahali pa wati 60. Ndege zinapaa juu ya paa, malori ya kontena yananguruma barabarani, na asiye na nguvu hasikiki. Hoja hii ina uzito, lakini inaelekezwa kwa kifaa kisicho chake. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushangaa. Ili sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili, wati zinahitaji kuongezeka mara kumi hivi. Ushindi uko kwenye spika. Spika ya sebuleni hutoa kama desibeli 88 kwa wati moja, umbali wa mita moja. Ile yenye mdomo wa tarumbeta inayofungwa kwenye mnara inaweza kutoa 108. Tofauti ya 20 ni sawa na kuzidisha wati mara mia: wati 10 kwenye tarumbeta ni sawa na 1,000 kwenye spika ya sebuleni. Hivyo ndivyo adhana inavyovuka mtaa mzima kwa ampu ndogo. Ampu nyingi za misikiti na makanisa, zikiwemo za Ahuja kutoka India, zina pia transfoma ya kutolea inayopandisha sauti hadi volti 100 ili nguvu isipotee kwenye waya mrefu. Kwa mashine ya namna hiyo, kagua transfoma hiyo kabla ya kitu kingine, maana bei imelala hapo.

Joto ndilo jambo la pili, na Mombasa halina huruma. Hewa ya nje mara nyingi huwa nyuzi 30 na zaidi, kwa hiyo kasha lililofungwa huanza kazi likiwa tayari limechoka. Kanuni ambayo mafundi wa elektroniki duniani kote huifuata ni kwamba kapasita za elektroliti, zile kubwa za akiba, hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kwa hiyo soma ubavuni: iliyoandikwa 105°C inafaa pwani kuliko ya 85°C, na tofauti ya bei ni ndogo mno kumsamehe aliyeokoa hapo. Kisha tazama transista za mwisho zimeshikana vipi na bapa la alumini. Je, mapezi yamesimama wima ili hewa ipande, au yamelala? Je, mafuta meupe ya kupitishia joto yamepakwa utando mwembamba, au yamerundikwa? Kuna transista moja ndogo ambayo wengi huipita bila kuitazama, nami naiona kuwa kipimo bora cha akili ya mjenzi. Hiyo ndiyo inayodhibiti mkondo wa mapumziko. Transista ya silikoni inapopashwa, volti inayohitaji ili ifunguke hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo ampu ikipata moto huvuta umeme zaidi, ikivuta zaidi hupata moto zaidi, mpaka iungue. Mjenzi anayejua huifunga transista ndogo hiyo kwenye bapa lile lile la alumini, ili ihisi joto na kukaza mkondo kwa wakati. Ukiikuta imesimama pembeni kwenye bodi, mbali na bapa, funika kasha urudishe.

Transista zenyewe zinataka jicho. Jozi ya 2SC5200 na 2SA1943 ya Toshiba imependwa mno hata ikawa miongoni mwa zinazoghushiwa zaidi: nje maandishi yanafanana, ndani kipande cha silikoni ni kidogo na hakibebi ampia kilizoandikiwa. Fundi makini akinunua nyingi huvunja moja na kuitazama tumboni. Chumvi nayo hufanya kazi yake polepole. Bodi ya shaba isiyopakwa vanishi huota kutu ya kijani, na vitufe vya kuzungusha huanza kukwaruza. Lehemu nzuri hung'aa na kukumbatia mguu wa kifaa pande zote. Lehemu iliyobaki tone juu ya bodi itaachia siku za unyevu.

Baada ya kukagua kwa macho, ni zamu ya sikio, lakini bila muziki. Punguza sauti hadi mwisho, unganisha spika, weka sikio karibu. Mngurumo mzito wa mara 50 kwa sekunde huashiria waya wa ardhi uliopitishwa vibaya au waya wa mawimbi uliolazwa karibu na transfoma. Ule wa oktavu moja juu yake, mara 100, mara nyingi hutoka kwenye kapasita zilizochoka au zilizokuwa haba tangu mwanzo. Kisha weka simu karibu na waya wa kuingilia na upige. Spika ikilia tatata, lango la ampu halikukingwa. Kwa wakazi wa hapa jaribio hili lina maana ya ziada. Marubani na mnara wa uwanja wa ndege huzungumza kwa mtindo wa AM kati ya megahezi 118 na 137, na mawimbi ya AM ndiyo ambayo transista isiyokingwa au kiungo chenye kutu kinaweza kuyageuza kuwa sauti ya mtu. Kapasita ndogo ya pikofaradi mia kadhaa langoni, waya wenye ngao, na kasha la chuma lililofungwa ardhini hutosha kwa kawaida. Vina gharama ndogo sana. Kukosekana kwake ni uzembe.

Pingamizi kubwa zaidi hutoka kwa wapenzi wa valvu. Wanasema vipimo hivi vyote ni vya mafundi, ilhali sikio ndilo hakimu, na sikio hupenda utamu wa valvu ambao hakuna transista inayoutoa. Utamu huo upo, siukatai. Lakini una sababu zinazopimika: valvu ikizidiwa hukunja mawimbi taratibu badala ya kuyakata, huongeza oktavu ya juu kidogo kwenye kila noti, na transfoma yake ya kutolea huishika spika kwa ulegevu zaidi. Mwaka 1985 mhandisi Bob Carver wa Marekani aliwaahidi wahariri wa jarida la Stereophile kwamba ataifanya ampu yake ya transista ifanane na ampu ya valvu ya gharama kubwa waliyoichagua wao. Alirekebisha saketi mpaka tofauti baina ya mashine hizo mbili ikawa ndogo mno, na wasikilizaji hao wakakiri kwamba hawakuweza kuzitenganisha. Wajenzi wakuu wa valvu nao hawakuwinda utamu. D.T.N. Williamson wa Uingereza, mwaka 1947, alichapisha ampu ya wati 15 iliyolenga mkwaruzo usiozidi asilimia 0.1, na aliitilia mkazo mkubwa transfoma ya kutolea. Hoja yangu inasimama pale pale, kwa uzito wa chuma zaidi: katika ampu ya valvu, transfoma ni nusu ya sauti. Ile ambayo nyuzi zake zimegawanywa tabaka kwa tabaka, za kuingia na za kutoka zikipishana, hubeba besi na sauti nyembamba kwa pamoja. Iliyosukwa kwa fungu moja moja hupoteza moja kati ya hizo.

Valvu ina adabu yake nyumbani Mombasa. Valvu moja ya EL34 huchoma karibu wati 9.5 kwa kupasha uzi wake tu, na bamba lake huruhusiwa kutoa hadi wati 25 za joto. Jozi mbili za stereo hupasha sebule kama jiko dogo hata muziki ukiwa kimya. Volti za ndani hufika 300 hadi 450, na kapasita hubaki na umeme huo baada ya kuzimwa. Ampu isiyo na resista ya kuziondoa volti hizo haifai kuingia nyumba yenye watoto. Kwa msikilizaji mtulivu wa taarab usiku, ni anasa ninayoielewa. Kwa harusi ya uwanjani au matatu, sioni sababu.

Upande wa pili wapo wanaosema yote haya yamepitwa, kwa kuwa bodi ndogo za daraja la D zinageuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa sauti na hazihitaji bapa kubwa. Kweli, kwa joto la pwani ni neema, nami ningeichagua kwa matatu bila kusita. Ila usambazaji wake wa umeme hukaguliwa kwa ukali ule ule. Na kuna swali la matengenezo: ampu ya AB iliyoungua hufufuliwa na fundi wa Magongo kwa transista mbili na resista chache, ilhali bodi yenye vijidude vilivyobandikwa juu, ikifa, mara nyingi hutupwa. Thamani hiyo ihesabiwe kwenye bei.

Kwa anayenunua ya mtumba kutoka Uingereza, asiichomeke moja kwa moja ukutani. Aiunganishe kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100, ampu ikiwa haina spika. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna kilichoungana ndani. Ikibaki inawaka, kuna transista au dayodi iliyokufa, na bei inapaswa kuanza kuzungumzwa upya kutoka hapo.